Roboti ya hospitali iwe hamali mwenye adabu

Ukitaja roboti hapa Chaani, wengi hukumbuka filamu. Ukiongeza kwamba roboti inaweza kubeba damu ya mgonjwa kutoka wadi hadi maabara, utaangaliwa kama mtu aliyepigwa na jua. Lakini jambo hili si geni. Mwaka 1988 hospitali ya Danbury, Marekani, ilianza kutumia roboti iitwayo HelpMate, kazi ya kampuni ya Joseph Engelberger. Mwaka 2015 hospitali ya UCSF Mission Bay, San Francisco, ilifunguliwa ikiwa na roboti 25 za aina ya TUG, za kupeleka chakula, dawa na mashuka.

Na si Marekani tu. Mei 2020, wakati wa korona, Rwanda ilizindua roboti tano, zikiwemo za kituo cha matibabu cha Kanyinya, Kigali. Zilipima joto na kupeleka chakula na dawa, ili madaktari wapunguze kukaribiana na wagonjwa. Moja iliitwa Urumuri, yaani nuru. Kenya nayo mwaka 2022 ilipokea tatu: Jasiri, Shujaa na Tumaini. Zilipelekwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na hospitalini.

Kwa nini niandike haya kwa watu wa Pwani? Tulipomuuguza mama mdogo katika hospitali moja ya huku kwetu, usiku kulikuwa na nesi mmoja kwa wadi nzima. Dawa ikihitajika, ama aende yeye famasi awaache wagonjwa peke yao, ama tutumwe sisi jamaa. Nilishuka na kupanda ngazi hadi magoti yakalia. Aliyekosa jamaa alingoja. Hapo ndipo penye faida ya roboti: ibebe mzigo, nesi abaki kitandani pa mgonjwa.

Inavyoona njia

Roboti kama hii ni mkokoteni wenye akili. Kwanza huzungushwa jengo zima ichore ramani. Kisha ikiwa safarini hurusha miali ya leza, ambayo hugonga ukuta au mtu na kurudi. Kompyuta hupima muda wa kurudi, ikajua kitu kiko umbali gani, ikalinganisha na ramani. Magurudumu nayo huhesabu mizunguko, kama mtu anayehesabu hatua gizani. Lifti huitwa kwa mtandao, na betri ikipungua roboti hurudi yenyewe kwenye chaji.

Shida ni kwamba hospitali zetu hazifanani na za San Francisco. Leza nyingi hutazama kimo kimoja tu. Sasa fikiria varanda saa ya kuwaona wagonjwa: kikapu chini, chupa ya chai kando, bibi ameketi mkekani amenyoosha miguu. Mwali ukipita juu ya miguu ile, roboti haijui kuna mtu. Tena kitambaa cheusi hurudisha mwanga kidogo, na hapa kwetu buibui ni vazi la kila siku. Kwa hivyo roboti ya Mombasa yahitaji kamera zinazotazama chini, na ukingo laini mbele ambao ukiguswa tu, roboti inasimama. Na umeme ukikatika, breki zishike zenyewe, hasa kwenye mteremko.

Urafiki ni nini?

Wabunifu wengi hudhani urafiki ni kuipa roboti macho makubwa na sauti ya kitoto. Moxi, roboti ya kampuni ya Diligent Robotics ya Texas, ina macho ya taa yanayoonyesha hata mioyo, na watu huipenda. Hayo ni mazuri. Lakini sisi tuna kipimo chetu cha zamani, nacho ni adabu.

Hamali mwema wa mkokoteni humjua kila mtu. Hupaza sauti kabla hajakufikia, hakupigi teke, na akiona jeneza au mgonjwa anapitishwa, yeye ndiye anayesimama. Roboti nayo ifuate hayo. Ipige hodi kabla ya kuingia wadi. Iseme "naomba njia" kwa Kiswahili, taratibu, na usiku ipunguze sauti. Taa zake zionyeshe inakokwenda kabla haijakata kona, ili hata asiyesikia ajue. Isiwe ndefu ikamtisha mtoto. Machela ikija, ijibanze ukutani. Na iwe na kitufe chekundu cha kuisimamisha ambacho hata mzee anakifikia.

Adabu pia ni kutunza siri. Droo ya dawa ifunguliwe kwa kidole au namba ya nesi husika peke yake, kama zile TUG zinavyofanya. Picha za kamera zisihifadhiwe ovyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na mgonjwa aliyelala hawezi kujitetea.

Wako watakaouliza: je, na wale vijana wanaosukuma machela? Swali hilo ni la haki. Roboti ya mkokoteni kama hii haiwezi kumwinua mgonjwa wala kumfariji. Ikipewa kazi ya chupa za damu na mashuka, kijana abaki na kazi ya watu. Hospitali inayonunua roboti ili impunguze mfanyakazi itakuwa imenunua hasara.

Wala si lazima tungoje msaada wa nje. Mafundi wa kuchomelea tunao Changamwe nzima, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko pale Tudor. Tuanze na njia moja tu, famasi hadi wadi, sakafu moja, bila lifti. Kabla ya kuchora chochote, wabunifu wakae varandani siku nzima saa ya kuwaona wagonjwa, wahesabu mikeka na vikapu. Halafu wawaulize manesi wa zamu ya usiku ni safari zipi zinazowachosha zaidi. Majibu hayo ndiyo ramani ya kwanza.