Video Imekwama? Usilipe Mara ya Pili

Umelipia mechi kwa simu, ujumbe umeingia, halafu dakika ya 80 picha inaganda. Usikimbilie kulipa tena! Mara nyingi shida si pesa yako, huenda ni seva kulemewa na watazamaji. Hata Netflix ilikwamakwama Novemba 2024, mamilioni walipotazama pambano la Mike Tyson na Jake Paul kwa pamoja.

Mafundi hupima seva kila sekunde chache: zimebeba watazamaji wangapi, zinajibu kwa kasi gani. Inayonyamaza huondolewa, watazamaji wahamishiwe nyingine.

Kwa hivyo tunakushauri: soma ujumbe wetu kwanza. Ukiona nambari ya muamala na jina la kampuni uliyoilipa, pesa imefika. Ngoja kidogo, fungua video upya. Ikigoma, watumie kampuni hiyo nambari ile, si pesa nyingine.