Kidato cha Sita Kilichozikwa, na Mikondo Mitatu

Tangu wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waingie Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, wazazi wa Donholm wamekuwa na gumzo moja, iwe dukani, kanisani au ndani ya matatu: mtoto asomee wapi, na asome nini? Wenye nazo huwapeleka wana wao katika shule za kibinafsi zinazofuata mtaala wa Cambridge. Wachache zaidi huitaja Diploma ya Kimataifa, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968. Walio wengi wamebaki na mikondo mitatu ya serikali: Sayansi na Teknolojia, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo.

Ajabu ni kuwa kile kinachonunuliwa kwa Cambridge kwa fedha nyingi tuliwahi kuwa nacho hapa nchini. Kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, aliyefaulu Kidato cha Nne aliweza kuendelea kwa miaka miwili, akizamia masomo makuu matatu. Mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita ulifanywa 1989. Baadaye shahada ikarefushwa kutoka miaka mitatu hadi minne. Nafasi zenyewe, ni kweli, zilikuwa haba mno.

Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo msomaji asishangae nikiegemea upande wa kina. Katika Diploma ya Kimataifa mwanafunzi husoma masomo sita, matatu kati yake kwa kiwango cha juu, kisha huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000 juu ya swali alilolibuni mwenyewe. Zoezi hilo nalihusudu. Mara nyingi halihitaji maabara wala jumba jipya. Lahitaji mwalimu mwenye wasaa wa kusoma rasimu, na huyo ndiye adimu katika madarasa yetu yaliyofurika.

Hata hivyo, sioni haja ya kukimbilia ughaibuni upesi hivyo. Katika 8-4-4, fasihi ilibanwa ndani ya somo la Kiswahili kama karatasi ya tatu. Katika mkondo wa Sayansi za Jamii, Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua linalojitegemea, mbali na Kiswahili cha lazima. Hicho ndicho kina tulichokipoteza 1989. Lakini Wizara ilikusudia asilimia 60 ya wanafunzi waende sayansi, na wazazi wameipokea nia hiyo kana kwamba ni amri. Kijana aliyejaliwa lugha husukumwa huko akahesabu siku.

Mzazi azurupo shule, asiridhike na orodha ya mikondo iliyobandikwa ubaoni. Na aulize: ni nani afundishaye Fasihi hapa, na ana vipindi vingapi kwa juma? Akijibiwa kuwa mwalimu angali anatafutwa, na ajaribu shule ya pili.