Likasi: Jinsi kobalti iliyoyeyuka inavyopunguza umeme wa kuzalisha shaba

Tani moja ya shaba inayotolewa kwenye matangi ya elektrolisi hula takriban kilowati-saa 2,000 za umeme. Katika mkoa wa Haut-Katanga, ambako umeme hautoshi na makampuni ya madini huagiza mwingine kutoka Zambia, hilo si jambo dogo. Na matumizi hayo hutegemea pia kitu kisichoonekana kwa macho: ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zilizoyeyuka ndani ya asidi.

Mjini Likasi kazi hii ina historia ndefu. Kiwanda cha Shituru, cha kampuni ya serikali Gécamines, kilianza mwaka 1929, enzi za Union Minière.

Mawe ya madini husagwa, kisha shaba huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Maji hayo ya buluu huingizwa kwenye matangi yenye mabamba. Umeme ukipita, shaba huganda kwenye bamba hasi, kathodi. Kwenye bamba chanya, anodi ya risasi, maji huvunjika na kutoa oksijeni. Hatua hiyo ya oksijeni ndiyo inayodai nguvu kubwa ya umeme.

Hapo ndipo kobalti inaposaidia. Miligramu 100 hadi 200 kwa lita hubadilisha uso wa anodi: oksijeni hutoka kwa urahisi, volti hushuka, na risasi hailiki haraka, hivyo haichafui shaba. Nchini Chile, viwanda hununua kobalti ili kuitia kwenye matangi. Katanga, huja yenyewe ndani ya mawe ya shaba.

Si kila ioni ina faida. Chuma kilichoyeyuka huchukua elektroni za shaba kwenye kathodi, kikazirudisha kwenye anodi, kisha kikaanza upya. Umeme unatumika, shaba haiongezeki. Kloridi kidogo husaidia shaba kuganda laini. Ikizidi, hula mabamba ya chuma kisichoshika kutu.

Ndiyo maana maji ya matangi hupimwa mara kwa mara. Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa huishia kwenye betri ng'ambo. Lakini kabla ya kusafirishwa, madini hayo huwa tayari yameokoa umeme nyumbani.