Suluhu ya Kifamilia na Haki ya Aliyedhulumiwa Utotoni

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Maimamu wetu wanalijua jambo hili kuliko wanavyolisema. Mtu mzima, mwanamke au mwanamume, anangoja watu watoke msikitini kisha anaeleza kuwa alipokuwa mdogo alifanyiwa uovu na ami yake, au baba wa kambo, au kaka mkubwa. Wazee walipojua walikaa kikao, wakasoma Fatiha, wakasema yaishe. Kwake hayakuisha. Sasa anauliza: je, dini inamtaka asamehe na anyamaze?

Wenye swali hili si wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na kama mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Si wote waliodhulumiwa na jamaa zao, lakini anayedhulumiwa na jamaa ndiye anayeitiwa kikao.

Neno linalotumika katika vikao hivyo ni suluhu. Pembeni yake liko neno jingine tunalolifahamu vyema watu wa pwani: muhali. Suluhu imesifiwa na Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 128. Muhali ni kuona haya kumkabili jamaa kwa haki, na Sura hiyo hiyo, aya ya 135, inatuamuru tuisimamie haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sisi tumeuvisha muhali kanzu ya suluhu, na tumefanya hivyo kwa miaka mingi.

Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Suluhu, ameweka mlango maalumu kuhusu suluhu ya dhulma, kwamba hiyo hurudishwa. Chini yake ameleta kisa cha kijana aliyeajiriwa kwa mtu, akazini na mke wa mwajiri wake. Baba wa kijana alitoa kondoo 100 na kijakazi ili mambo yamalizike baina yao. Kesi ilipofika kwa Mtume (s.a.w.) aliamuru kondoo na kijakazi warudishwe kwa mwenyewe, kisha akahukumu kwa Kitabu cha Allah. Kisa kile ni cha watu wawili walioridhiana. Chetu ni cha mtoto asiye na ridhaa wala uwezo wa kukimbia. Ikiwa kondoo 100 hawakuweza kuzima kile, hiki kitazimwaje kwa mbuzi mmoja na Fatiha?

Liko swali la pili ambalo vikao vyetu hulipita haraka: ni nani mwenye haki ya kusamehe? Katika madhehebu yetu ya Shafi, walii husimamia haki za mtoto kwa maslahi ya mtoto, wala hana ruhusa ya kuzitoa zawadi. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa warithi wa aliyeuawa wakiwa na mtoto mdogo miongoni mwao, kisasi hungojewa mpaka mtoto abaleghe, na muuaji huwekwa kizuizini. Tazama uzito huo: ukoo mzima unasubiri kauli ya mtoto mmoja! Nasi twapima kwa hilo kwamba msamaha uliotolewa na babu kwa niaba ya mjukuu wa miaka 8 haukumfunga mjukuu huyo. Akija ana miaka 30, haki yake baina yake na aliyemdhulumu ingali mikononi mwake.

Watu hutaja kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kumhimiza aliyeonewa asamehe. Ni kisa chake hasa, maana Yusuf alikuwa mtoto, na waliomtupa kisimani ni ndugu zake wa damu. Lakini kisomwe kwa mpangilio wake. Aya ya 91 ndugu wanakiri kuwa walikosea, na aya ya 92 ndipo Yusuf anapowaambia hapana lawama juu yao. Tena alisema hayo akiwa ameshika hazina za Misri, hana la kuwahofia. Nasi tunamtaka binti asamehe kabla mkosaji hajakiri, naye bado analala nyumba moja naye.

Na kusamehe hakulazimishi kukaa pamoja. Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.), alisilimu na Uislamu wake ukakubaliwa. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) alimwomba, kama ataweza, asimwonyeshe uso wake. Wahshi mwenyewe ndiye aliyesimulia, na Bukhari ameipokea. Basi aliyedhulumiwa asipokwenda harusini kwa kuwa mkosaji yupo, asiitwe mkata udugu.

Huku kukiri, kufidia na kuzuia dhara visirudiwe ndiko kunakoitwa siku hizi haki ya kurejesha. Wanazuoni wamekwisha kusema kuwa toba ya dhambi inayogusa haki ya mja haikamiliki kwa kujuta, kuacha na kuazimia peke yake. Lazima haki irudi kwa mwenyewe. Hapo ingefaa mkosaji akiri kwa ulimi wake, agharimie matibabu na masomo yaliyokatika, na ahame ikibidi. Ahame yeye, si mtoto.

Ama hoja ya sitara na kusengenya, Nawawi amehesabu malalamiko ya aliyedhulumiwa mbele ya mwenye mamlaka kuwa ya kwanza katika mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake. Na kama mkosaji anaishi na watoto wengine, jambo si siri ya mtu mmoja tena.

Imamu ajue pia mipaka yake. Kadhi wa Zanzibar na wa Kenya husikiliza ndoa, talaka na mirathi, si jinai. Mtoto aliye hatarini leo hapelekwi kikaoni. Hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au vituo vya Mkono kwa Mkono kwa walioko Zanzibar, na simu ya watoto kwa Tanzania na Kenya ni 116. Kwa mtu mzima anayetaka suluhu, kikao kisifanyike mpaka yeye mwenyewe akiombe, achague atakayekaa naye, na asilazimishwe kurudia habari yake mbele ya wajomba kumi.

Wallahu aalam.