Kwa nini tunanenepa na huku chakula hakitoshi?



Siku moja tulipokuwa tukipima watoto, alifika mama mmoja mnene amebeba mtoto wa miaka miwili. Tulipomfunga mtoto utepe wa mkono, alama ikaangukia rangi ya njano, maana yake lishe yake imepungua. Watu kwenye foleni wakacheka: "Mama anakula sehemu ya mtoto!" Wiki iliyofuata mama yule hakurudi. Nilipomfuata nyumbani, akaniambia aliona aibu.

Mama huyo hakumnyima mtoto wake. Wote wawili hula chakula kile kile: chai ya sukari na mandazi asubuhi, ugali jioni. Chakula hicho hushibisha na kumnenepesha mtu mzima, lakini hakimjengi mtoto. Mtoto anahitaji pia maharagwe, samaki, mayai na mboga.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Nchini Rwanda, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 16 mwaka 2010. Katika uchunguzi wa 2019-2020 walifika asilimia 26. Katika uchunguzi huo huo, asilimia 33 ya watoto chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Hata katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi huko Algeria, uchunguzi uliotolewa 2012 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake wana uzito uliozidi.

Sababu ni nini?

1. Hatuna mashamba. Kule Masisi na Rutshuru tulilima, tukapanda milima na mizigo kichwani. Hapa siku nzima tunakaa.

2. Fedha ni kidogo. Ukiwa na pesa chache unanunua kinachoshibisha haraka: unga, mchele, mafuta, sukari. Maharagwe yanakula kuni nyingi, na samaki ni ghali.

3. Kula kwa zamu. Msaada ukifika tunakula sana. Mwisho wa mwezi tunalala njaa, na ukifika tena tunalipiza.

4. Mila. Mtu akinenepa tunamsifu kwamba maisha yamemnyookea. Akikonda tunanong'ona kwamba ana ukimwi. Kwa hiyo wengi wanaogopa kupungua.

5. Mawazo. Aliyepoteza ndugu na nyumba halali vizuri, na wengine hujituliza kwa kula.

Nitajuaje kama nimezidi?

Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 amezidi akifikia kilo 64, na akifikia kilo 77 yuko kwenye unene wa hatari. Pima pia kiuno: mwanamke asizidi sentimita 80, mwanaume 94. Unene huleta presha, kisukari, ugonjwa wa moyo na maumivu ya magoti. Kwa mama mjamzito huongeza hatari wakati wa kujifungua.

Tufanye nini?

- Punguza sukari kwenye chai kidogo kidogo mpaka uizoee.
- Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.
- Loweka maharagwe usiku kucha. Yataiva upesi na kuni zitapungua.
- Ukienda soko la Mahoko, nunua mboga kwanza, soda usiinunue. Sambaza wachache wa Ziwa Kivu waliosagwa wanatosha kwenye uji wa mtoto.
- Panda lengalenga kwenye gunia lenye udongo mlangoni.
- Tembea haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Usijinyime chakula ili upungue, hasa ukiwa mjamzito au ukinyonyesha. Njoo kwanza tuongee.

Na jirani yako akiwa mnene, usiseme hana shida wala hahitaji msaada. Mwili wake haukuonyeshi alichokula jana. Mama yule sasa amerudi, na mtoto wake anapimwa kila wiki. Kicheko chetu kilikuwa karibu kumkosesha mtoto huyo huduma. Tusirudie.