Nyumba Iliyofagiwa Isiachwe Tupu

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya mtu aliyefungwa na pombe: namna anavyoweza kufunguliwa, na, lililo gumu zaidi, namna anavyoweza kukaa huru.

Tunasema ni gumu zaidi kwa sababu walevi wengi wamekwisha kuiacha pombe, tena mara nyingi. Mtu huiacha Jumatatu, na mwisho wa mwezi mshahara ukitoka huirudia. Majirani husema, "Huyu hana haya." Lakini tusiharakishe kuhukumu. Mwili uliopewa pombe kila siku kwa miaka mingi hujipanga upya ili uishi nayo. Ikiondolewa ghafula, mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio na usingizi hukimbia. Wengine hushikwa na kifafa katika siku mbili za kwanza. Wengine, siku ya pili hata ya nne, huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo yaweza kuua.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na ndugu, msimfungie mlevi chumbani mkidhani kwamba mnamsaidia. Mpelekeni hospitali. Madaktari wanazo dawa za kuutuliza mwili, na humpa vitamini B1 ili kuulinda ubongo. Kumwombea na kumpeleka kwa daktari ni mambo yanayokwenda pamoja.

Basi siku zile mbaya zimepita. Mtu amerudi nyumbani, macho yamekuwa meupe, anakula vizuri. Je, amepona? Mwakumbuka mfano wa Bwana Yesu juu ya pepo aliyefukuzwa, kisha akarudi kutazama makao yake ya zamani. Alikuta pamefagiwa, pamepangwa vizuri, lakini hapana mtu ndani. Akaingia tena, na safari hii hakuja peke yake. Hospitali yaweza kuifagia nyumba. Swali letu ni hili: nani atakaa ndani yake?

Tuwasimulie habari ya kweli. Mnamo Mei 1935, mfanya biashara ya hisa wa New York, jina lake Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano hivi. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, naye alikuwa peke yake katika ukumbi wa hoteli. Upande mmoja alisikia vicheko vya watu waliokuwa wakinywa. Upande mwingine palikuwa na simu na orodha ya makanisa. Aliiendea simu. Aliyempata alikuwa Walter Tunks, kasisi wa Kanisa la Episkopali, ambalo ni la jamaa yetu ya Kianglikana. Wilson alimwomba amsaidie kumpata mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa maana alikuwa ametambua kwamba anapomhudumia mlevi mwenzake, kiu yake mwenyewe hutulia.

Kasisi alimpa majina ya watu, na kwa njia hiyo alimfikia Bibi Henrietta Seiberling, ambaye alimkutanisha na Dakt. Robert Smith. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji, naye alikuwa akiharibiwa na pombe. Smith alikubali kukaa dakika 15 tu, lakini wakazungumza saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa ndiyo aliyokunywa mara ya mwisho, ndiyo siku ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho wengi hukiita AA. Smith alikufa mwaka 1950 na Wilson mwaka 1971, na hakuna kati yao aliyeirudia pombe tangu hapo. Leo mikutano ya chama hicho hufanyika katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Katika mikutano hiyo mna hekima ambayo yafaa hata kijijini. Asiape kwamba hatakunywa maisha yake yote. Aseme, "Leo sinywi," na kesho aseme vivyo hivyo. Ajihadhari na mambo manne: njaa, hasira, upweke na uchovu, kwa kuwa tamaa huingia kwa milango hiyo. Tena awe na mtu mmoja anayeweza kumwita hata usiku wa manane. Nasi twaongeza: abadili njia ya kurudi nyumbani ikiwa ya zamani yapita penye kilabu, na siku ya mshahara asitembee peke yake.

Na akianguka? Asiseme, "Nimekwisha kuharibu, basi acha ninywe." Arudi siku ile ile kwa wanaomsaidia. Glasi moja ya pombe ya magendo yaweza kuwa ya mwisho. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haijulikani kwa macho, na mwili wenyewe huigeuza kuwa sumu.

Sasa neno kwa Kanisa. Mtu aliyeacha pombe akija katika Ushirika Mtakatifu na akaogopa kikombe, asilazimishwe. Kanisa letu lafundisha kwamba apokeaye mkate peke yake amepokea ushirika kamili, hapungukiwi kitu. Wala tusimharakishe kusimama mbele ya watu na kushuhudia akiwa na majuma mawili tu. Apewe kwanza kazi ya mikono, kiti katika kwaya, wenzake wa kunywa nao chai Jumamosi jioni, saa ile aliyozoea kwenda kilabuni. Hivyo ndivyo nyumba inavyojazwa.

Angalieni kwamba kasisi yule wa Akron hakufanya jambo kubwa. Alipokea simu ya mgeni, akamtajia watu wa kumsaidia. Kila mmoja wetu aweza kufanya hivyo. Jueni daktari aliye karibu. Jueni mahali mikutano inapofanyika. Na simu ya bure ya NACADA, nambari 1192, iandikeni ukutani.

Tuombe. Ee Bwana, mkumbuke yule ambaye leo hajanywa. Mpe wenzake wa kukaa naye hata jioni, na sisi utufanye kuwa miongoni mwao. Amina.