Jinsi swichi za mtandao zinavyochagua ‘mzizi’ wao

MNAMO Novemba 2002, madaktari na wauguzi wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, walilazimika kurejelea kalamu na karatasi. Kwa takriban siku nne, mtandao wa kompyuta wa hospitali hiyo ulilemaa. Matokeo ya maabara na maagizo ya dawa, ambayo kwa kawaida yalipitia kwenye kompyuta, yakawa yanabebwa kwa mkono.

Hapakuwa na mhalifu aliyeuvamia mtandao huo. Ulikuwa umepanuliwa kidogo kidogo hadi ukavuka mipaka ya kanuni inayoongoza njia zake. Data nyingi zilipomiminika, kanuni ikashindwa kuhimili, nazo data zikaanza kuzunguka bila kikomo.

Kanuni hiyo ni ipi? Katika ofisi, chuo au hospitali kubwa, kompyuta huunganishwa kupitia vifaa vilivyoitwa madaraja hapo awali, na ambavyo sasa hujulikana zaidi kama swichi. Ili mawasiliano yasikome kebo moja ikikatika, mafundi huweka kebo za akiba. Kwa hivyo, huwa kuna njia zaidi ya moja kutoka swichi moja hadi nyingine.

Tahadhari hiyo ndiyo huzaa hatari. Pakiti ya data inayokusudiwa kompyuta zote hunakiliwa na kila swichi na kutumwa katika kebo zote isipokuwa ile iliyoileta. Iwapo kebo hizo zimefanya duara, nakala hurudi zilikotoka na kunakiliwa tena. Kwa kuwa pakiti za mitandao ya Etheneti hazibebi hesabu ya vituo zilivyopita, hakuna kinachozikomesha. Kwa muda mfupi mtandao mzima hufurika.

Suluhisho lilibuniwa na Radia Perlman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipokuwa akiifanyia kazi kampuni ya Digital Equipment Corporation. Alilichapisha mwaka 1985. Msingi wake ni umbo la mti: matawi yakishaachana hayaungani tena, na kutoka tawi moja hadi jingine pana njia moja tu. Kinachohitajika ni swichi kuafikiana kuhusu kebo zitakazotumika na zile zitakazopumzishwa.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mzizi, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila swichi ina kitambulisho chenye sehemu mbili: nambari ya kipaumbele, ambayo kwa kawaida ni 32768 kifaa kinapotoka kiwandani, na anwani ya kipekee iliyotolewa na mtengenezaji. Zinapowashwa, kila moja hujitangaza kuwa mzizi. Ikipokea tangazo lenye kitambulisho kidogo kuliko chake, huacha kujipigia debe na kuanza kumvumisha mpinzani huyo. Hatimaye hubaki mmoja, mwenye nambari ndogo kuliko wote.

Hatua ya pili ni kutafuta njia. Kila kebo hupewa gharama kulingana na kasi yake. Kwa viwango vilivyozoeleka, kebo ya megabiti 10 kwa sekunde hugharimu 100, ya megabiti 100 hugharimu 19, na ya megabiti 1,000 hugharimu 4. Swichi hujumlisha gharama hadi kwenye mzizi na kuchagua njia iliyo nafuu. Hivyo basi, kupitia kwa jirani kwa kebo mbili za gharama ya 19, jumla 38, ni afadhali kuliko kufuata kebo moja ya gharama ya 100. Gharama zikilingana, hutazamwa jirani mwenye kitambulisho kidogo.

Kebo zinazosalia hazing’olewi, bali hufungwa tu. Mzizi hutoa salamu kila sekunde 2. Salamu zikikosekana kwa sekunde 20, swichi husaka njia mpya, na kulingana na kanuni asilia, kebo iliyofungwa husubiri sekunde 30 zaidi kabla ya kupitisha data. Toleo la mwaka 2001 lilipunguza muda huo hadi sekunde chache.

Hata hivyo, uchaguzi huo haupimi uwezo wa mgombea. Pale ambapo hakuna aliyebadilisha kipaumbele, swichi zote hulingana na ushindi huamuliwa na anwani ya kiwandani. Kifaa kikuukuu na cha polepole, kilichosahaulika stoo, kinaweza kuwa kitovu cha mtandao mzima.

Ndiyo maana fundi makini huipa swichi yenye nguvu nambari ndogo ya kipaumbele, na nyingine inayoifuatia kwa naibu wake. Aidha, hufuata ushauri kwamba safari kati ya pembe mbili za mtandao isipitie zaidi ya swichi 7, mpaka ambao hospitali ya Boston ilikuwa imeuvuka. Mti hujitengenezea matawi, lakini mahali pa mzizi yafaa pachaguliwe na binadamu.